Kocha wa Mikono ya Watu

Kwetu Tanga tuliwajua wachezaji wote wa Coastal Union, hadi wale wa benchi, lakini sikumbuki mtu hata mmoja aliyewahi kumtaja kocha wa makipa. Nilipohamia Baton Rouge, Louisiana, nikakuta mji ambao hata kinyozi anasimamisha mashine ili amjadili kocha wa warushaji wa timu ya besiboli ya chuo kikuu, LSU. Nilidhani ni wazimu wa Wamarekani. Sasa na mimi nimo.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji husimama juu ya kijilima cha udongo, mita 18 na ushee kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, akamrushia mpira mgumu wenye uzito wa gramu 145 hivi. Walio hodari kabisa huufikisha kilomita 160 kwa saa, na mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua. Mechi za vyuo huanza katikati ya Februari, na nyingi huchezwa wikendi, Ijumaa mpaka Jumapili, dhidi ya timu ileile. Mkono uliofanya kazi kubwa Ijumaa haufai tena Jumapili. Kwa hiyo kocha wa warushaji anaishi kwa hesabu: nani ameshatumika, ametumika kiasi gani, nani amebaki.

Katikati ya wiki anakaa na vijana wake mmoja mmoja. Kuna kamera zinazopunguza mwendo mpaka unaona vidole vinavyouachia mpira, na mitambo inayohesabu mpira umejizungusha mara ngapi kwa dakika. Kidole kikisogea kidogo kwenye mshono, mpira uliokuwa unanyooka unaanza kukata pembeni. Na siku ya mechi, chuoni, mara nyingi si kijana anayechagua arushe nini. Kocha ndiye anayeagiza kutoka benchi, mpira baada ya mpira. Mashabiki wanaona mkono wa kijana, lakini akili nyingine iko kwenye kivuli, inatafuna mbegu za alizeti.

Mtu aliyenifanya niifuatilie kazi hii ni Wes Johnson. Ni mtu wa Arkansas. Alianza na shule za sekondari za huko, akazunguka vyuo kadhaa, kisha mwishoni mwa 2018 Minnesota Twins, timu ya ligi kuu, ikamchukua moja kwa moja kutoka chuoni. Jambo hilo ni nadra sana. Msimu wake wa kwanza, 2019, Twins walishinda mechi 101. Halafu Juni 2022, msimu ukiwa katikati na Twins wakiongoza kundi lao, akaaga. Akaja LSU.

Watu walishangaa: nani anashuka kutoka ligi kuu kwenda kufundisha wanafunzi? Mimi nadhani waliomshangaa waliisoma ngazi kinyume. Ligi kuu ni mechi 162 kwa msimu, na kocha wa warushaji hupokea wachezaji aliopewa. Chuoni msimu wa kawaida ni mechi 56, na yeye anashiriki kuwatafuta vijana, kuwashawishi wazazi wao, kuwajenga tangu majira ya vuli mpaka waive.

Mwaka huohuo akaja Paul Skenes, kijana mrefu aliyehamia kutoka chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako alikuwa mrushaji na pia mdakaji. LSU wakamwachia kazi moja tu, kurusha. Msimu wa 2023 aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani kwa kuwamalizia nafasi zao tatu, akaivunja rekodi ya Ben McDonald, wa LSU vilevile, aliyewatoa 202 mwaka 1989.

Juni 22, 2023, huko Omaha, Nebraska, vyuo vilipokuwa vinatafuta bingwa, LSU walikutana na Wake Forest. Skenes alirusha vipindi 8, mipira 120, bila kufungwa. Upande wa pili Rhett Lowder naye hakufungika. Mechi ikafika kipindi cha 11 ikiwa bila kwa bila, ndipo Tommy White akaupeleka mpira nje ya uwanja: 2-0. Mtaani kwetu watu walitoka barazani wakipiga sufuria.

Fainali ikawa na Florida. LSU wakashinda ya kwanza, ya pili wakapigwa 24-4. Kesho yake, Juni 26, mechi ya mwisho. Ni siku nne tu tangu ile mipira 120, na chini ya majuma mawili kabla ya siku ya timu za ligi kuu kuchagua vijana. Kila mtu niliyemjua alitaka Skenes aingie. Akaanza Thatcher Hurd, na Skenes hakurusha hata mpira mmoja. LSU wakashinda 18-4. Kwa mabao hayo, kweli, hakuhitajika. Ila uamuzi wa nani aanze hufanywa kabla mabao hayajahesabiwa.

Kuna sababu ya uangalifu huo. Mwaka 1974 Dkt. Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono mmoja wa mrushaji Tommy John, akaishona kwenye kiwiko cha mkono wa pili. Operesheni hiyo, inayoitwa kwa jina la mgonjwa, leo wanafanyiwa hata vijana wa sekondari, na kupona huchukua mwaka na zaidi. Makocha wenyewe hawana mikono safi hapo, maana wote wanaisaka kasi.

Skenes alichaguliwa wa kwanza nchi nzima, Pittsburgh Pirates wakamlipa dola milioni 9.2 za kusaini. Kocha hapati hata senti humo. Wakubwa wa kazi hii wanalipwa vizuri, lakini mpaka katikati ya 2023 sheria za michezo ya vyuo ziliruhusu kila timu kuwa na msaidizi mmoja wa kujitolea asiye na mshahara, mwenye kuishi kwa kufundisha watoto wakati wa likizo. Makocha wengi walipitia njia hiyo.

Johnson hakurudi nasi msimu uliofuata. Tayari, kabla hata ya Omaha, Chuo Kikuu cha Georgia kilishamtangaza kuwa kocha wake mkuu. Mwaka wake wa kwanza huko akapata nyota aliyezungumzwa nchi nzima, Charlie Condon, na kijana huyo hakuwa mrushaji hata kidogo: ni mpigaji, aliyeutoa mpira nje ya uwanja mara 37. Kinyozi wangu bado anamcheka Johnson.