Injini Kubwa Haitaki Ndege ya Kubahatisha

Kama umetoka kwa zile ndege za betri na sasa unataka kufungia mdege wako wa balsa injini ya petroli ya 50cc, tulia kwanza tubonge. Hiyo kitu ni silinda moja, tustroki. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inalipuka mara 100 kila sekunde, na pistoni haina mwenzake wa kuibalansi. Pua ya ndege ndiyo inakula hizo ngumi zote. Ndio maana wenye chapaa huenda kwa silinda mbili za kutazamana: pistoni zinakimbia pande tofauti, mtetemo unashuka mob.

Sasa kuna mabuda wakiskia mtetemo wanajaza mbao kila mahali. Zii! Utapata ndege nzito na bado itaachia kwa gundi, juu mtetemo hutafuta maungio.

Fomu ni hii. Ule ukuta wa mbele unaobeba injini uwe plaiwudi ya birch, milimita 6 kupanda. Wengine hubandika mbili pamoja. Tumia epoksi ya nusu saa, achana na ya dakika tano. Hiyo ya polepole inapata time ya kuzama kwa mbao. Ikishika, toboa mbavu za ndege hadi ndani ya ukuta, sukuma vijiti vya mshikaki vimepakwa epoksi, kata vichwa, piga msasa. Hapo ukuta hauchomoki kirahisi. Nyuma yake weka vibao vya pembetatu kwa kona, kisha unganisha pua na fremu inayoshika mabawa ndio mzigo usambae. Malizia na epoksi nyepesi juu ya mbao yote, mafuta isipate pa kuingilia.

Nati chukua zile za meno, zinauma plaiwudi kutoka nyuma. Bolti za chuma zipake gundi ya nati, ile ya blue. Ya red utalia siku ya kufungua. Risiva na betri zivalishe sponji, servo zikae kwa raba zake. Na propela ibalansi kabla hujaifunga, juu upande mmoja ukiwa mzito unajiletea ngori mwenyewe.

Kila ukitua, zima injini kabisa, ishike utingishe. Ikicheza hata kidogo, siku imeisha, rudi base ukaze. Propela ya inchi 22 si toy, manze. Ikimpata mtu, hakuna gundi ya kurekebisha hiyo.