Babu Asiyeonekana Daftarini

Atafutaye nasaba yake katika nyaraka za Uingereza, akisha kupanda vizazi vitatu au vinne kwa wepesi, aghalabu hufika mahali ambapo babu mmoja humponyoka: hana tarehe ya kuzaliwa, hana kaburi, na jamaa hukata shauri kwamba mtu huyo hakuandikwa popote. Mara nyingi aliandikwa, tena zaidi ya mara moja, ila aliandikwa na karani mwenye haja zake, na katika haja hizo haikuwamo kumfaa kitukuu atakayezaliwa karne mbili baadaye. Basi kabla ya kuuliza babu alizaliwa wapi, ni vyema kuuliza ni nani aliyemhitaji hata akamtia daftarini.

Wa kwanza kumhitaji alikuwa mfalme. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na mazishi, na padri aliandike kila juma. Mengi ya madaftari hayo ya mwanzo yalikuwa ya karatasi, nayo yakaharibika; mwaka 1598 ikatolewa amri kwamba yanakiliwe katika ngozi, hasa tangu 1558 alipoanza kutawala Malkia Elizabeth, na makarani wavivu wakaufanya mwaka huo kuwa ndio mwanzo wa dunia. Amri hiyo iliagiza pia kwamba nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu, na nakala hizo zimewaokoa wengi ambao daftari la parokia yao liliungua au liliibwa.

Lakini kunakili ni mlango wa makosa, na hata aliye mashuhuri hasalimiki. Tarehe 27 Novemba 1582 karani wa askofu wa Worcester aliandika ruhusa ya ndoa baina ya William Shakespeare na Anne Whateley wa Temple Grafton. Kesho yake hati ya dhamana ya ndoa hiyo ikamtaja bibi arusi kuwa ni Anne Hathwey wa Stratford. Wapo waliojenga juu ya jina la Whateley kisa kizima cha mwanamke wa pili aliyeachwa. Wanachuoni wengi huona jambo jepesi zaidi: mtu mwengine mwenye jina la Whateley alikuwa na shauri lake katika daftari la siku ile ile, na kalamu ya karani ikateleza. Ikiwa karani wa askofu aweza kumpotezea Shakespeare mkewe, sembuse padri wa kijijini aliyemsikiliza mkulima asiyejua kusoma, akitamka jina lake kwa lahaja ya kwao na kuidondosha herufi ya H kila ilipomkuta? Kwa hiyo jina lisomwe kwa sauti, na litafutwe chini ya kila herufi ambayo sikio laweza kuidhania.

Tarehe nazo zina hila zake. Mpaka 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi, hata Februari ya 1720 ikaja baada ya Desemba ya 1720. Na mjukuu aonaye kwamba bibi yake aliolewa Mei 1720 na kubatiza mtoto Februari 1720 asione haya kabla ya kuhesabu, kwani baina yao imepita miezi tisa kamili.

Ajabu iliyo kubwa ni kwamba fakiri huonekana vizuri kuliko mwenye mali ya wastani. Kila parokia ililazimika kuwalisha maskini walio wake, na sheria ya 1662 ikairuhusu kumrudisha kwao mgeni aliyeelekea kuwa mzigo. Basi maskini aliletwa mbele ya mahakimu akaapishwa, akaulizwa: Ulizaliwa wapi? Ulifunzwa kazi na nani? Ni bwana gani uliyemtumikia mwaka mzima? Majibu yake yaliandikwa, naye akatia alama ya msalaba chini yake, na leo katika hifadhi za kaunti twaweza kusoma maisha ya mtu wa jembe katika ukurasa mmoja, ilhali jirani yake mwenye duka ameacha jina na tarehe tu. Kadhalika mtoto wa nje ya ndoa, ambaye daftari la ubatizo mara nyingi humtaja mama yake peke yake, baba yake yamkini yumo katika hati ya dhamana, kwa kuwa parokia haikutaka kulipia malezi yake.

Serikali ilianza kuhesabu watu mwaka 1801, lakini majina ya wote hayakuandikwa mpaka 1841, na sensa hiyo yataka hadhari: umri wa aliyepita miaka 15 ulipunguzwa hadi tano iliyo chini yake, hata mtu wa miaka 59 akawa wa 55, na mahali pa kuzaliwa paliandikwa kwa ndiyo au la, yaani kama ni katika kaunti ile ile. Ya 1851 ndiyo iliyouliza parokia. Hata hapo, mtu huyo huyo aweza kutaja mji wa soko katika sensa moja, na kitongoji chake katika ya pili. Ndiyo sababu zisomwe zote, pamoja na za ndugu zake na majirani.

Sensa hufungwa miaka mia, na ile ya 1921 ilifunguliwa 2022. Ya 1931, ya England na Wales, iliteketea kwa moto huko Hayes mwaka 1942, na ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa na orodha ya 29 Septemba 1939, iliyoandikwa kwa ajili ya vitambulisho na baadaye ikatumiwa na idara ya afya, ambayo makarani wake waliendelea kuisahihisha kwa miaka mingi: mwanamke alipoolewa, jina la ubini wake lilipigwa mstari, na juu yake likaandikwa la mumewe kwa wino wa rangi nyingine.