Bima Isiyoitwa Bima: Jina, Deni na Istilahi za Fedha katika Kiswahili

Utangulizi

Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili huchukulia kwamba masuala ya fedha ni ya wenzao wa idara za uchumi na uhasibu. Mtazamo huu una dosari. Masoko ya fedha huendeshwa kwa mikataba, na mikataba ni maneno. Makala haya yananuia kueleza aina moja ya mikataba hiyo, yaani ile inayohamisha hatari ya mkopo kutoka kwa mhusika mmoja hadi kwa mwingine, na kuonyesha namna jina iliyopewa lilivyochangia hasara kubwa ya mwaka wa 2008. Aidha, tutajiuliza jambo hili lina funzo gani kwa anayeunda istilahi za Kiswahili.

Mdai, mdaiwa na hatari iliyo kati yao

Wahenga walisema kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii humwonya mdaiwa, lakini mdai naye ana matanga yake: huenda asilipwe. Uwezekano huo ndio hatari ya mkopo. Tangu jadi mdai amejikinga kwa njia tatu. Kwanza, hushika rehani, yaani mali ya mdaiwa atakayoiuza asipolipwa. Pili, hudai mdhamini, yaani mtu wa tatu anayeahidi kulipa. Tatu, huwakopesha watu wengi kidogo kidogo badala ya kumkopesha mmoja kingi. Katika njia zote hizi, mdai huendelea kuishi na deni lake, na kwa sababu hiyo hana budi kumchunguza anayemkopesha.

Mkataba wa Basel wa mwaka wa 1988 ulizitaka benki za kimataifa ziwe na mtaji usiopungua asilimia 8 ya mali zao, mali hizo zikipimwa kwa kadiri ya hatari yake. Kwa hivyo, kila dola 100 zilizokopeshwa kampuni ziliilazimu benki iwe na mtaji wa dola 8. Benki zikaanza kutafuta njia ya kubaki na mteja bila ya kubaki na hatari.

Njia hiyo ilipatikana mwaka wa 1994. Kampuni ya Exxon, ambayo meli yake ya Exxon Valdez ilikuwa imemwaga mafuta katika pwani ya Alaska mwaka wa 1989, ilikabiliwa na fidia ya dola bilioni 5. Benki ya J.P. Morgan iliiahidi mkopo wa dola bilioni 4.8. Ili kuupunguza mzigo huo, benki hiyo ilikubaliana na Benki ya Ulaya ya Ujenzi Mpya na Maendeleo, yenye makao yake London, kwamba benki hii ipokee malipo maalumu na kwa upande wake ibebe hasara iwapo Exxon isingelipa. Mkopo ulibaki pale pale. Kilichohama ni hatari. Katika makala haya tutauita mkataba wa namna hii mkataba wa kinga ya deni, na wahusika wake mnunuzi wa kinga na muuza kinga.

Nyumba ya ghorofa

Hatua iliyofuata ilikuwa kuikusanya mikopo mingi katika furushi moja. Mnamo Desemba 1997 J.P. Morgan ilikusanya hatari ya mikopo ya kampuni 307, yenye thamani ya dola bilioni 9.7, kisha ikauza hati za takriban dola milioni 700 tu za kukinga hasara ya mwanzo. Hatari iliyosalia ilihesabiwa kuwa ndogo mno.

Mpangilio huu unaweza kufananishwa na nyumba ya ghorofa iliyojengwa bondeni. Mafuriko yakija, anayekaa chini huloa kwanza. Anayekaa juu huloa ikiwa tu ghorofa zote za chini zimejaa maji. Kwa sababu hiyo wa chini hulipwa faida kubwa, naye wa juu hulipwa kidogo na kuambiwa alale usingizi. Hesabu hii husimama kwa sharti moja: kwamba wadaiwa hawatashindwa kulipa wote kwa wakati mmoja. Kwa kampuni 307 za sekta mbalimbali, sharti hilo lilikuwa na mantiki. Miaka ya 2000 mpangilio ule ule ulitumiwa kwa mikopo ya nyumba ya Wamarekani, wakiwemo wengi wenye uwezo mdogo wa kulipa. Bei za nyumba zilipoanza kushuka karibu nchi nzima baada ya mwaka wa 2006, mafuriko yalizipita ghorofa zilizodhaniwa kuwa salama.

Kampuni ya bima ya AIG ndiyo iliyoumia zaidi kwa kuuza kinga. Tawi lake la mikataba ya fedha, ambalo ofisi yake kuu ya shughuli hizi ilikuwa London, lilikuwa limekinga ghorofa za juu za mafurushi yenye mikopo ya nyumba kwa zaidi ya dola bilioni 70. Benki ya Lehman Brothers ilifilisika tarehe 15 Septemba 2008. Siku hiyo hiyo AIG ilishushwa daraja la ukopaji, na wanunuzi wa kinga wakadai rehani ya ziada ambayo haikuwa nayo. Kesho yake Benki Kuu ya Marekani ikaikopesha dola bilioni 85 ili isianguke.

Jina lilivyofungua mlango

Swali linalozuka ni hili: yawezekanaje kampuni ya bima iahidi fedha nyingi kiasi hicho bila ya kuweka akiba? Jibu, kwa sehemu kubwa, limo katika jina. Katika Kiingereza mkataba huu uliitwa mabadilishano, wala haukuitwa bima. Mwaka wa 1997 wakili Robin Potts wa Uingereza aliwapa wafanyabiashara wa mikataba hiyo maoni ya kisheria kwamba si bima, kwani muuza kinga hulipa hata kama mnunuzi hakupata hasara yoyote. Nchini Marekani, sheria ya Desemba 2000 iliiacha mikataba hii nje ya usimamizi wa kawaida wa masoko.

Matokeo yalikuwa mawili. Muuza kinga hakulazimika kutenga akiba kama afanyavyo mwenye bima. Fauka ya hayo, mtu aliweza kununua kinga ya deni asilolidai, sawa na kukatia bima nyumba ya jirani kisha kungoja iungue. Sheria zilikuja baadaye: Marekani iliiweka mikataba hii chini ya wasimamizi mwaka wa 2010, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku, kuanzia Novemba 2012, ununuzi wa kinga ya deni la serikali kwa asiye na maslahi ya kukingwa.

Kiswahili na mzigo wa neno dhamana

Tukirejea nyumbani, tunakuta tatizo la namna nyingine. Neno dhamana linabeba mizigo mingi mno. Mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana. Hati ya shamba huwekwa benki kama dhamana. Rafiki humwekea mwenzake dhamana. Na serikali huuza hati za dhamana. Katika matumizi haya manne, mahusiano ya mdai na mdaiwa hayafanani. Mwandishi akisema kwamba mkopo fulani una dhamana, msomaji hajui iwapo kuna mali iliyoshikwa, mtu aliyeahidi, au karatasi iliyouzwa.

Suala hili si la darasani pekee. Julai 2024 ushuru wa kukarabati barabara nchini Kenya ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta. Mwaka wa 2025 shilingi 7 kati ya hizo zilitengwa ili mapato yake ya miaka ijayo yawe msingi wa kupata hadi shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi. Mjadala ukazuka iwapo hilo ni deni la umma au ni mauzo tu ya mapato. Mwendeshaji wa bodaboda anayejaza mafuta ndiye mlipaji, naye anastahili kuelezwa jambo hili katika lugha anayoimudu.

Hitimisho

Tunapendekeza rehani itumike kwa mali iliyoshikwa, udhamini kwa ahadi ya mtu wa tatu, hatifungani kwa hati ya mkopo inayouzwa, na kinga ya deni kwa mkataba uliojadiliwa hapa. Dhamana ibaki mahakamani. Wengine watapendekeza maneno bora zaidi, na hilo ni jema. Muhimu ni kwamba anayeunda istilahi ajiulize kwanza: neno hili linaonyesha ni nani atakayelipa mambo yakiharibika, au linamficha?