Je, Wajua? Anwani Moja, Wanafunzi Elfu Tano

Muhula unapoanza, tangazo la chuo hubandikwa ubaoni, hupigwa picha, hurushwa WhatsApp, na kabla ya wiki kuisha kuna tarehe tatu tofauti za mtihani mmoja. Kisii hadi Nyamira, kizaazaa ni kilekile. Dawa yake ni ya zamani kuliko simu iliyo mkononi mwako: programu ya orodha ya barua pepe. Unaandikia anwani moja, seva inanakili barua na kumpelekea kila aliyesajiliwa. Je, wajua…

…kwamba orodha hizi zilizaliwa karibu pamoja na barua pepe yenyewe? Ray Tomlinson aliingiza alama ya @ kwenye anwani mwaka 1971. Kufikia 1975, watafiti wa mtandao wa ARPANET tayari walikuwa na orodha yao, MsgGroup. Mada yao kuu? Barua pepe.

…kwamba vyuo ndivyo vilivyoilea teknolojia hii? Mwaka 1986 Eric Thomas, akiwa mwanafunzi jijini Paris, aliandika toleo la programu ya orodha ya LISTSERV lililoenea kwenye BITNET, mtandao ulioanza kuunganisha vyuo vikuu mwaka 1981. Sympa ilitoka kwa wahandisi wa mtandao wa vyuo vya Ufaransa mwaka 1997. Mailman nayo ilianzishwa na John Viega wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, aliyetaka tu mashabiki wa bendi ya Dave Matthews wapashane habari.

…kwamba barua pepe ilifika Kenya kabla ya intaneti kamili? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la mazingira la ELCI jijini Nairobi lilikusanya barua za watu na kuzituma kwa mkupuo kupitia laini ya simu hadi kituo cha GreenNet, London. Jibu halikuja papo hapo. Ulingoja simu ipigwe tena.

…kwamba orodha ya wataalamu wa mtandao nchini bado ni ya barua pepe? Wanachama wa orodha hiyo, KICTANet, wamejadili sera za TEHAMA kwa njia hiyo kwa miaka mingi: miswada, bei za intaneti, usalama wa data. Ubishi wote unabaki kwenye kumbukumbu, na anayeingia leo anaweza kusoma ya zamani. Katika kundi la WhatsApp, kwa kawaida mgeni huanzia pale alipoingilia.

…kwamba Chuo Kikuu cha Kisii kimevaa sura kadhaa? Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa msingi, kikapandishwa kuwa cha walimu wa sekondari mwaka 1983, kikawa bewa la Egerton mwaka 1994, kikawa chuo kishiriki mwaka 2007, kisha kikapata hati yake Februari 2013. Historia ya namna hiyo inatoa funzo: taasisi hubadilika na makarani huhamishwa. Orodha inayoishi ndani ya Gmail ya karani mmoja huondoka naye. Iliyosajiliwa kwa jina la chuo, lenye mwisho wa ac.ke, hubaki hata msimamizi akistaafu.

…kwamba vyuo vya Kenya vina mtandao wao? Unaitwa KENET, na ulianzishwa mwaka 1999. Huvipa vyuo wanachama intaneti na huduma za seva. Idara inayotaka kuanzisha orodha haina haja ya kununua mashine: ibishe kwanza hodi ofisi ya TEHAMA ya chuo chake.

…kwamba programu zenyewe ni za bure? Mailman na Sympa ni programu huria, huzilipii leseni. Lakini seva inataka mtu wa kuitunza, na orodha inataka msimamizi anayeisoma. Vyuo vingi huikumbuka gharama hii ya pili baada ya mambo kuharibika.

…kwamba mwongozo wa zamani unaweza kukupoteza? Mailman 2 ilitegemea Python 2, lugha ambayo watunzaji wake waliacha kuihudumia Januari 2020. Anayeanza leo achukue Mailman 3. Ina sehemu tatu za kufahamu: Core inayosambaza barua, Postorius ambayo ni ukurasa wa msimamizi, na HyperKitty inayotunza kumbukumbu.

…kwamba kujisajili ni kazi ya barua mbili? Mwanafunzi anatuma barua tupu kwa jina la orodha likiwa na neno “-join” kabla ya @. Seva inamrudishia ombi la kuthibitisha. Akijibu, ameingia. Usumbufu huo mdogo una maana: hakuna rafiki mtundu atakayemsajili bila yeye kujua, na anwani iliyokosewa herufi haiingii kamwe.

…kwamba jina la orodha ni nusu ya kazi? “Matangazo” halimwambii mtu chochote. Baada ya mwaka mmoja kutakuwa na “matangazo2” na “matangazo-mapya”. Jina kama “ualimu-mazoezi” linajieleza. Wanafunzi walio kwenye mazoezi ya kufundisha hutawanyika, huyu Keroka, yule Nyansiongo, mwingine Ogembo. Ubao wa chuo hawauoni kwa wiki nyingi, ila orodha inawafuata hukohuko.

…kwamba jibu moja liliwahi kuamsha chuo kizima? Novemba 2012, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York alitaka kumpelekea mamake barua ya ofisi ya karo. Akabonyeza kitufe cha kujibu wote. Wenzake karibu 40,000 wakaipata, wakagundua kuwa nao wanaweza kuwaandikia wote, na mzaha ukaanza. Kosa halikuwa la kijana. Orodha ya matangazo iliachwa wazi kama baraza. Orodha ya matangazo iruhusu wachache waliotajwa kuandika, na barua ya mwingine yeyote ishikiliwe hadi msimamizi aikague.

…kwamba Mailman hushikilia barua inayozidi kilobaiti 40? Huo ndio mpangilio wake wa awali, nao una busara. Kiambatisho kikisafirishwa kwa barua pepe huongezeka kwa takriban thuluthi moja: faili ya megabaiti 3 inakuwa 4. Zidisha kwa wanafunzi 5,000, seva inasukuma gigabaiti 20 kwa sababu ya ratiba moja iliyoskaniwa. Iandike ratiba ndani ya barua yenyewe, au iweke kwenye tovuti na utume kiungo. Mwanafunzi wa Borabu anayehesabu bando atakushukuru.

…kwamba stima ikipotea barua haipotei? Seva inayotuma ikikuta ya upande wa pili imezimika, huiweka barua foleni na kujaribu tena na tena. Postfix, programu ya kusafirisha barua inayotumika sana, hujaribu kwa siku tano kabla ya kukata tamaa na kumjulisha mtumaji.

…kwamba orodha hujisafisha? Kila siku ambayo barua inagonga mwamba kwa sababu anwani haipo, Mailman huipa anwani hiyo alama moja. Alama zikifika tano, inaacha kuipelekea barua. Kwa hiyo anwani za waliohitimu zikifungwa, hutoka zenyewe.

…kwamba Google hudai kitambulisho? Tangu Februari 2024, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda akaunti za Gmail lazima awe ameweka SPF, DKIM na DMARC, yaani kumbukumbu na sahihi zinazothibitisha kuwa barua imetoka kweli kwa chuo hicho. Orodha ya wanafunzi 2,500 wenye Gmail inafika hapo kwa matangazo mawili. Lifanye hili siku ya kwanza, kabla ya barua za usajili kuishia kwenye kapu la taka.

…kwamba kundi la WhatsApp lina dari? Ni watu 1,024, na kila mmoja huweza kuona nambari za wenzake. Orodha ya barua pepe haina dari hiyo, na msimamizi anaweza kuficha majina ya waliomo.

…kwamba kuficha majina si hiari tu? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza data za watu aripoti kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 iwapo data imevuja na wahusika wako hatarini. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna huyo iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Karatasi ya majina, simu na nambari za usajili inayozungushwa darasani ni data vilevile.

…kwamba mlango wa kutokea ndio unaowalinda waliobaki ndani? Google humtaka mtumaji mkubwa asifikishe malalamiko matatu kwa kila barua 1,000. Katika orodha ya 5,000, wanafunzi 15 wakichoka na kubonyeza “taka”, tangazo la mtihani linaweza kuwakosa wengine wote. Tenganisha basi: orodha moja ya mitihani, karo na usajili, inayoandika mara chache, nyingine ya michezo, vilabu na drama, ambayo mtu hujiondoa kwa kubofya mara moja. Ukizichanganya, aliyechoka na matokeo ya mpira ndiye atakayekuja kuuliza ukumbi wa mtihani asubuhi ya mtihani.