Vyakula vya mpakani vina majina: Mbona twaona haya kuyataja?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo nimewafafanulia wanafunzi wangu mara nyingi katika kumbi za mihadhara, lakini sikuwahi kuionja ladha yake hadi mwaka jana, nilipomkaribisha kwetu mwanaisimu mwenzangu kutoka Malaysia. Mwenyeji aliyehitaji kuponywa nilikuwa mimi.

Mgeni wangu ni mzaliwa wa George Town, katika jimbo la Penang, mwenye asili ya Kitamil. Watu wa mji huo hujivunia vyakula vyao kama Waamu wanavyojivunia mashairi yao. Tulipowasili Busia saa saba mchana tuliingia katika hoteli moja yenye vitambaa vyeupe mezani. Mgeni aliitazama orodha ya vyakula, akaifunga, kisha akauliza kwa upole, "Watu wa hapa hula nini?"

Nilimtafsiria kijana aliyekuwa akituhudumia. Kijana akacheka kidogo.

"Mzee, hivyo ni vya nyumbani," akanijibu. "Hapa tunauza chakula."

Basi tukala chipsi na kuku wa kukaanga. Kuku mwenyewe hakuwa mbaya, lakini jibu lile lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Simlaumu kijana yule. Alitamka hadharani jambo ambalo sisi tuliosoma hulificha nyuma ya adabu, kwamba kinacholiwa nyumbani si chakula, na kwamba chakula ni kile kinacholetwa juu ya kitambaa cheupe. Kwa haki ni lazima niseme kwamba vibandani, karibu na soko, akina mama hupika na kuuza ugali wa wimbi na muhogo, na wachukuzi na madereva wa malori huushukuru. Lakini mgeni wa heshima hapelekwi huko. Hata mimi sikuwa nimempeleka.

Kesho yake nilimpeleka Adungosi, kituo cha biashara kilicho kati ya Busia na Malaba, katika nchi ya Wateso. Mimi ni Mkhayo, lakini shangazi yangu, dada yake marehemu baba, aliolewa huko kabla sijazaliwa. Humwita Senge, kama ilivyo desturi yetu Waluhya. Amekaa kwa Wateso muda mrefu hata Kiteso chake ni fasaha kuliko Kikhayo chake.

Senge alituandalia atap, yaani ugali wa unga wa wimbi uliochanganywa na unga wa muhogo. Rangi yake ni hudhurungi iliyokolea, nao hunyumbuka mkononi bila kumeguka ovyo. Kando yake palikuwa na eboo, majani ya kunde yaliyochemshwa yakalainika, kisha yakaungwa kwa emaido, yaani njugu karanga zilizokaangwa na kusagwa. Palikuwa na dagaa waliokaushwa juani. Palikuwa pia na kuku wa kienyeji aliyetokoswa polepole kwa moto wa kuni, kwa sababu Senge, pamoja na Kiteso chake chote, angali Mluhya, na mgeni wa Mluhya haondoki bila kuonja kuku.

Mgeni alinawa, akala kwa mkono wa kulia bila kufundishwa. Alipomeza tonge la kwanza la atap alinyamaza kwa muda nikadhani limemshinda. Kumbe sivyo.

"Bibi yangu alikuwa akipika kitu hiki," akasema. "Tulikiita kali."

Nilipomfasiria Senge, yeye aliyedhani neno ni letu, alicheka na kuapa kwamba ugali wake si mkali hata chembe. Lakini mgeni hakuwa akitania. Wimbi ndiyo nafaka ambayo Wahindi huiita ragi, na Watamil huisonga ikawa ugali mgumu uitwao kali. Wataalamu wa mimea wametuthibitishia kwamba nafaka hiyo ililimwa kwanza huku kwetu, katika nyanda za Afrika Mashariki na Ethiopia, kisha ikavuka bahari hadi India zamani za kale. Kwa hiyo mtu aliyesafiri kutoka Penang alikikuta chakula cha bibi yake katika sahani ya shangazi yangu. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wanawe hawajawahi kukionja.

Hapo alitoa daftari lake, nami likanishika soni, kwa maana ni mimi niliyepaswa kuwa na daftari.

Hebu tuyatazame majina hayo, msomaji, kwa maana sahani ile ni kitabu cha historia. Wimbi kwa Kiteso ni akima, neno lisilofanana na bulo ya Waganda wala kal ya Wajaluo. Muhogo nao ni emwogo. Asikiaye hahitaji shahada kutambua kwamba neno hilo ni jamaa ya muhogo wetu wa Kibantu. Kiteso huzigawa nomino zake kwa jinsia, ambapo a- ni kiambishi cha kike na e- ni cha kiume. Basi neno geni lilipobisha hodi lilivishwa e- likakaribishwa ndani. Muhogo ni zao lililotoka Marekani ya Kusini, na jina lake latuambia kwamba Wateso waliupokea kwa mikono ya majirani zao. Yaelekea hata eboo lina hadithi kama hiyo, kwani Wajaluo huyaita majani hayo ya kunde boo.

Wale dagaa nao wana kisa chao. Tanzania ni dagaa, Kenya ni omena, Uganda ni mukene. Ziwa moja, samaki mmoja, majina matatu. Katika soko la Busia waweza kuyasikia majina yote hayo kabla muuzaji hajajaza gorogoro moja. Hilo lisitushangaze. Hadi mwaka 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, kisha wakoloni wakausogeza mpaka. Watu walitengwa, lakini vyungu havikupata habari.

Hata hivyo, kuna jambo zito kuliko historia, nalo nililijifunza kwa kuaibika. Nilimwomba Senge amweleze mgeni namna anavyotengeneza unga wa muhogo. Akaeleza: muhogo humenywa, hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa hadi uchachuke na kuota ukungu, kisha hukwanguliwa, hupondwapondwa, huanikwa juani ukauke kabisa, ndipo usagwe. Nikajitia ujuzi, nikauliza kama kule kurundika ni lazima, maana sisi watu wa mjini twapenda unga mweupe na haraka.

Senge aliweka mwiko chini. "Mwanangu," akasema, "umesoma mpaka ukasahau kuuliza. Kuna mihogo inayoua."

Alisema kweli tupu. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na ni kule kuchachusha na kukausha kunakoipunguza. Mahali ambapo hatua hizo hurukwa, kwa njaa au kwa haraka, watu hudhurika. Nchini Kongo, mwaka 1938, daktari mmoja aliuandika ugonjwa wa kupooza miguu ambao Wayaka waliuita konzo, neno lenye maana ya miguu iliyofungwa. Baadaye utafiti uliuhusisha ugonjwa huo na kula muhogo mchungu usioandaliwa vyema. Karibu zaidi nasi, Septemba 2017, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafariki baada ya kula ugali wa unga wa muhogo uliokuwa na sayanidi nyingi. Wataalamu wana mashauri yao pia kuhusu ukungu na usafi wa kuanikia, na yafaa tuyasikilize. Lakini msingi wa elimu hiyo walikwisha kuuweka akina Senge bila maabara.

Elimu hiyo imehifadhiwa wapi? Imehifadhiwa katika majina. Senge huutambua muhogo kwa aina, na kila aina ina jina. Jina moja lamwambia kwamba huu waweza kuuchemsha asubuhi ukanywea chai; jingine lamwambia kwamba huu ni lazima upitie njia ndefu. Mimi hapa, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikiyaona mashina hayo shambani nitasema "muhogo" tu. Jina likipotea, onyo limepotea pamoja nalo.

Binti yangu, aliyezaliwa na kulelewa Nairobi, alikuwa nasi siku hiyo. Aliniuliza majani yale yaitwaje. Nikamjibu kwa kujiamini, "Mboga za kienyeji."

"Hilo si jina," Senge akadakia. "Ni kama kumwita mtu 'mtu'."

Naam, sisi wapenzi wa Kiswahili tuna lawama yetu. Tumeyatia majani mengi katika kapu moja la "mboga za kienyeji", kana kwamba kunde ni mrenda, na mrenda ni mito. Mluhya hatachanganya tsisaka, ambayo Wajaluo huiita akeyo au dek, na murere unaoteleza, ambao kwa Wajaluo ni apoth. Kila jani lina muda wake wa moto, mwenzake wa kuchanganywa naye, na namna ya kuondolewa uchungu, kwa maziwa au kwa munyu wa majivu. Atakayeambiwa "mboga za kienyeji" pekee hatajua aanzie wapi, naye atarudi kwenye sukuma wiki.

Najua nitapingwa. Wapo watakaosema kwamba hiki ni chakula cha dhiki, na kwamba msomi ana anasa ya kukisifu kwa sababu hali kila siku. Wengine watasema kwamba ninawatamani watu warudi nyuma. La hasha. Sina vita na chipsi, na mahindi yenyewe tunayoyaita chakula chetu yametoka Marekani kama muhogo. Wala sidai kwamba kizuri ni kile cha kale pekee.

Mfano bora ni ule tulioukuta jioni hiyo Malaba. Kando ya barabara, kijana alikuwa akikaanga mayai yenye vitunguu na nyanya, akayalaza juu ya chapati, akaviringisha. Hiyo ni roleksi ya Uganda, chakula kilichovuka mpaka bila pasipoti. Chapati ilitoka India, na jina limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya mayai yaliyoviringishwa, yakatamkwa kwa ulimi wa Kiganda hadi yakafanana na jina la saa ya Uswisi. Hakuna cha kale hapo. Lakini Waganda walikipa jina, wakakitangaza, na leo mgeni akifika Kampala huambiwa asiondoke bila kukionja. Mgeni wangu alikitambua mara moja kuwa ndugu wa roti canai ya kwao, chapati iliyopelekwa Penang na Wahindi vilevile. Malaysia haikuionea haya. Mwaka 2024 utamaduni wake wa kifungua kinywa, pamoja na roti hiyo na wali wa nasi lemak unaopikwa kwa tui la nazi, uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za binadamu.

Wala sisi hatujalala kabisa. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua Kenya kwa juhudi zake za kuhifadhi vyakula vya asili, juhudi ambazo ziliorodhesha mimea ya kienyeji ipatayo 850 pamoja na majina yake katika lugha za wenyeji. Tazama, msomaji, kwamba walioifanya kazi hiyo waliona haja ya kuandika majina. Lakini orodha iliyo katika kabati la wataalamu haijafika katika orodha iliyo juu ya kitambaa cheupe huko Busia.

Nina rai tatu. Kwanza, wenye hoteli za mpakani wauze atap, eboo na emaido, na waandike majina hayo hayo, si "ugali wa kahawia" wala "mboga". Pili, walimu wa shule za huku wawatume watoto kwa bibi zao wakaulize majina ya mihogo na ya majani, na kila jina liandikwe pamoja na maelezo ya mapishi yake. Tatu, nasi wanaisimu tupunguze kubishana juu ya ngeli, tuketi jikoni na daftari. Miaka ishirini nimefundisha isimu, na bado alihitajika mtu wa kutoka ng'ambo kumwuliza shangazi yangu jina la mboga yake.

Tulipoaga, jua lilikuwa linazama. Chini ya mwembe wazee walikuwa wamekizunguka chungu cha ajon, pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na maji moto yakiongezwa kadiri kina kilivyopungua. Mgeni alipewa kiti na mrija. Alipouliza jina la kinywaji, wazee watatu walimjibu kwa pamoja, bila haya yoyote.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Nikirudi Busia nitaketi katika hoteli ile ile, na nitaagiza kwa jina: atap, eboo, emaido. Kijana yule akicheka, nitacheka naye. Kisha nitaagiza tena.