Atomu moja moja: kazi ya watafiti wa Sydney juu ya ordinatere ya kwantiki

Ndani ya kila telefone muko kipande kidogo chenye kufanya hesabu zote. Hapana kadi ya SIM. Ni kingine, chenye kufichwa ndani kabisa. Kinatengenezwa na silisiumu, yenye kutoka mu muchanga na majiwe. Ndani yake muko mamiliari ya transista, ni kusema vifungulio vya kufungua na kufunga njia ya umeme. Viwanda vinazidi kuvipunguza mwaka kwa mwaka. Vitapungua mpaka wapi?

Mu mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, ku Sydney, inchi ya Australia, walijibu: mpaka atomu moja. Kikundi cha profesa Michelle Simmons kilionyesha transista ya atomu moja tu ya fosfori, yenye kuwekwa kwa kusudi mahali walipochagua. Mbele ya pale, atomu moja ya namna hiyo ilikuwa inapatikana kwa bahati tu.

Ku mustari wa milimetre moja kunaenea mamilioni ya atomu. Hakuna koleo ya kushika kitu kama hicho. Watafiti wanatumia mikroskopu ya ncha kali, aina yenye Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wa IBM walivumbua ku Uswisi mu 1981, na yenye iliwapatia Prix Nobel mu 1986. Haiangalie na mwangaza. Ncha inapita karibu sana na silisiumu bila kuigusa, na inasikia umeme kidogo wenye kuruka katikati yao, kama kipofu mwenye kupapasa njia na fimbo.

Kwanza wanasafisha silisiumu mu chombo kisichokuwa na hewa, kisha wanaifunika na hidrojeni, tabaka ya atomu moja tu. Ncha inaondoa atomu za hidrojeni pale wanapotaka. Ni kama muchoraji wa mabango: anakata herufi mu karto, anapiga rangi, na rangi inapita ku matundu tu. Hapa "rangi" ni fosfini, gazi ya sumu yenye fosfori ndani. Inashika tu pale hidrojeni imetoka. Wanapasha moto mpaka karibu digri 350, fosfori inaingia mu nafasi ya atomu ya silisiumu, halafu wanafunika tena na silisiumu ingine.

Juu ya nini kuteseka vile? Atomu ya fosfori iko na elektroni moja ya kuzidi, yenye kufanya kama sumaku ndogo sana. Mu 1998, Bruce Kane, akiwa palepale Sydney, alionyesha namna sumaku za atomu hizo zinaweza kubeba hesabu. Ordinatere ya kawaida inajua 0 ao 1. Sumaku hii inaweza kuchanganya vyote viwili mpaka wakati wa kuipima. Hiyo ndiyo wanaita kwantiki.

Lakini inavurugika upesi. Inaomba baridi ya karibu digri 273 chini ya sifuri. Tena, karibu atomu 5 ku 100 za silisiumu ya kawaida ziko na sumaku yao, na zinasumbua kama radio ya jirani yenye kuingia mu masafa yako. Ni lazima kuzichuja.

Mu 2022 kikundi kilipanga vitone 10 vya fosfori, na vikaiga tabia ya molekuli moja ya kweli. Miaka 10 tangu ile atomu ya kwanza! Ordinatere ya kusaidia kutafuta dawa mupya, kwa mufano, itaomba zaidi ya vitone 10, sana sana.

Na koltani yetu? Tantale yenye kutoka mu koltani, kama ile ya Rubaya, inaingia mu kondensateri, vipande vya kutunza umeme pembeni ya kile cha hesabu. Kazi ya Sydney iko juu ya silisiumu na fosfori. Mutu akikuambia kama ordinatere ya kwantiki itapandisha bei ya koltani kesho, umuulize kwanza inaingia fasi gani.