Kidogo Kilicho Chako

Reli itokayo Lubumbashi kwenda Kamina hupita Luena, mji wa makaa ya mawe, kabla ya kufika Bukama na mto Lualaba. Mji wa namna hii haukuzaliwa kama kijiji kizaliwavyo, ukoo mmoja ukitafuta shamba na maji. Ulizaliwa kwa sababu ya kitu kilichomo ardhini, na kwa sababu walikuwako wakubwa wenye fedha za kukichimba. Ndiyo maana watu wake wamezoea kupima maisha yao kwa maisha ya mgodi: mgodi ukipata, mji hula, mgodi ukikosa, mji hulala na njaa.

Wasomaji wetu wa Luena wayajua hayo kuliko sisi. Lakini leo twapenda kufikiri pamoja nao, na pamoja na wazazi na wanafunzi wa mahali pengine, juu ya swali moja. Mtu mwenye ufundi mikononi, awe mshonaji, seremala, mchoraji au mpiga gitaa, je, yampasa kutamani siku zote kuwa mkubwa, au kuingia chini ya mkubwa? Au iko heshima, na faida pia, katika kubaki mdogo na kujitawala mwenyewe?

Kwanza tukumbuke yaliyotupata katika Katanga. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kuwakalisha kambini wafanya kazi wake pamoja na wake na watoto wao, ikawapa nyumba, posho, dawa na shule. Mwaka 1967 mali yake ikawa ya serikali, na kampuni iliyoirithi ikajulikana baadaye kwa jina la Gécamines. Wengi waliihesabu kuwa ndiyo baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Nani angaliwaza ya kuwa mti mkubwa kama huo waweza kuanguka?

Lakini mitambo ilikuwa imechakaa, na watawala wa siku zile walichota fedha zake pasipo kuzirudisha kazini. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, iliporomoka. Kisha yakaja machafuko ya nchi. Mwaka 1994 shaba yote iliyotoka haikufika hata tani 40,000. Mishahara ikakatika miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja, na wengi wao hawakuwa na ufundi mwingine wa kuwalisha.

Katika siku zile ngumu, ni nani aliyeokoa nyumba? Mara nyingi alikuwa mama mwenye bustani ya mboga, au mwenye meza ya unga, mafuta na samaki wakavu mbele ya mlango wake. Alikuwa mshonaji mwenye cherehani moja, na mtengenezaji wa baiskeli chini ya mwembe. Kazi hizo zilikuwa zimedharauliwa muda mrefu kuwa ni vijikazi vya kuongeza chumvi tu. Kumbe siku ile mshahara ulipokoma, chumvi ndiyo iliyogeuka kuwa chakula. Wahenga walisema kweli: Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatusemi haya ili kuyasuta mambo makubwa. Reli haijengwi na mtu mmoja, wala makaa ya Luena hayakuchimbwa na fundi mmoja na mtoto wake. Ziko kazi ambazo pasipo umoja wa watu wengi na fedha nyingi haziwezekani. Hatari tunayoiona ni nyingine: ni kuyafunga maisha yote kwa kamba moja, na ncha ya kamba hiyo iwe mkononi mwa mtu mwingine.

Sasa tuwatazame mafundi wa sanaa, kwa maana kwao jambo hili laonekana wazi zaidi. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés, alianzisha karakana ya uchoraji katika mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Humo walitokea Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga, ambao sifa ya kazi zao ilifika mpaka Ulaya. Tunajivunia majina yao hata leo. Lakini karakana yenyewe ilisimama juu ya nguzo ya mtu mmoja. Alipofariki mwaka 1954, nyumba ile haikuendelea peke yake, ila ilimezwa na shule ya sanaa ya mji. Na wanunuzi wao wengi walikuwa Wazungu. Watu wa kambini, waliokuwa ndugu zao, picha zile hawakuwa nazo nyumbani.

Katika miaka ya 1960 na 1970 wakatokea wachoraji wa namna nyingine katika miji yetu. Hao hawakuwa na mkubwa wa kuwapa rangi wala wa kuwatafutia soko. Walichora juu ya nguo ya magunia ya unga, wakaiwamba juu ya vipande vya mbao, kisha wakazitembeza picha zao wenyewe. Wanunuzi wao walikuwa wafanya kazi wa migodi na wa reli, makarani na wachuuzi, watu waliotaka kitu cha kutundika ukutani katika chumba cha wageni. Walichora mamba muntu, yule mwanamke wa majini. Walichora mfungwa akipigwa kiboko katika siku za utawala wa Wabelgiji. Watu waliziita picha hizo ukumbusho. Jina hilo latosha kutueleza kazi yake: mtu huitazama picha jioni, hukumbuka, huwasimulia watoto.

Mmoja wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mwaka 1973 alikutana huko Lubumbashi na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, wakazungumza kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Tshibumba alijiita mtu wa historia. Basi akamchorea mwalimu yule picha 101, zikieleza historia ya nchi tangu wakati wa mababu mpaka siku zake mwenyewe. Mwalimu ndiye aliyenunua, lakini aliyeipanga hadithi na kuisimulia ni mchoraji. Mwaka 1996 picha hizo pamoja na mazungumzo yao zilitolewa katika kitabu huko Marekani, na leo wataalamu wa historia huzisoma kama tusomavyo kitabu.

Je, alichora nini? Alichora mgomo wa wafanya kazi wa Union Minière wa Desemba 1941, ambao askari waliwapiga risasi huko Elisabethville. Alichora kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961, na nyuma ya maiti akaweka misalaba mitatu, ambayo kila Mkristo atambua mara moja ni ya mlima gani. Mtu aweza kukubaliana naye au kukataa. Lakini na tujiulize: ni nani angalimpa mshahara wa kila mwezi ili achore mambo kama hayo? Kampuni isingalimlipa, wala serikali isingalimlipa. Aliweza kuyachora kwa sababu bwana wake hakuwa mmoja. Alikuwa na wanunuzi wengi wadogo wadogo. Mmoja akikataa, alipiga hodi mlango wa pili.

Lakini tusifiche gharama ya uhuru huo. Picha moja ya gunia haikuleta fedha nyingi. Mara nyingi mchoraji wa namna hii alilazimika kurudia picha ile ile, kwa kuwa ndiyo waliyoitaka watu. Na Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Picha zake zimehifadhiwa, naye hakuonekana tena. Basi asiwepo mtu wa kuwadanganya vijana akisema ya kuwa udogo ni raha. Udogo ni kazi ngumu. Neema yake ni hii tu, ya kwamba jasho ni lako, na neno usemalo ni lako pia.

Uko mfano mwingine, wenye njia nyepesi zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alimrekodi kijana mmoja kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Jina lake Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930. Wimbo wake "Masanga" ulienea kwa santuri mpaka Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Hakuwa na tarumbeta wala ngoma nyuma yake. Alikuwa na gitaa moja na sauti moja. Kidole gumba kikipiga nyuzi nene, na kidole cha pili kikiimba juu yake, hata msikilizaji alidhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1969 alipiga gitaa hilo huko Newport, Marekani, mbele ya umati wa watu.

Lakini tusifikiri ya kuwa aliishi kwa santuri tu. Alishika kazi ya mshahara katika ofisi, na alikuwa na biashara zake mwenyewe. Wimbo haukulazimishwa kununua unga wa nyumba nzima, na kwa hiyo haukulazimishwa kuwapendeza watu wote. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari huko Zambia, na mpaka leo wapigaji wa gitaa wa nchi za mbali hujifunza vidole vyake kwa taabu. Hapa twaona hekima ya kusimama kwa miguu miwili: mguu mmoja ukiteguka, mwingine humfikisha mtu nyumbani.

Sasa turudi Luena, tumtazame mshonaji. Tuseme ana cherehani moja na mtoto mmoja anayejifunza kwake. Kila mwaka kabla ya Septemba huwashonea watoto wa jirani mashati meupe na nguo za buluu za shule. Siku moja mfanya biashara wa mjini amjia na kusema, "Nishonee nguo 300. Nitakukopesha fedha ununue cherehani nne, na utanilipa kwa kazi." Mshonaji afurahi. Aajiri vijana, awaambia majirani wangoje. Majirani hawawezi kungoja, maana shule haingoji; waenda kwa mwingine. Mwaka wa pili yule mfanya biashara apata mshonaji wa bei ndogo zaidi. Mshonaji wetu abaki na cherehani tano, deni, na mlango usiopigwa hodi. Je, alikosea kutaka maendeleo? Sivyo. Alikosea kubadilisha milango thelathini kwa mlango mmoja.

Angalifanyaje? Angaliweza kusema, "Bwana, nitakushonea nguo 40, kwa fedha taslimu, baada ya kuwamaliza watu wangu." Angaliweza kuweka akiba kidogo kidogo mpaka anunue cherehani ya pili pasipo deni, na kumpa yule mwanafunzi wake aliyekwisha kukomaa. Angaliweza kupatana na washonaji wenzake wawili watatu kununua kitambaa pamoja kwa bei ya jumla, kila mmoja akibaki bwana wa meza yake. Haba na haba hujaza kibaba; na kibaba hicho hakina mwenye kukidai.

Kutokana na hayo yote twapenda kuwaachia wasomaji mashauri machache. Zana zako ziwe zako, hata kama ni chache na kuukuu. Fedha ya kazi isichanganywe na fedha ya chakula. Iandikwe katika daftari, hata kwa penseli. Ujue kiasi chako: ni kazi ngapi mikono yako yaweza kuzimaliza vizuri kwa juma moja, na ipitayo hapo uikatae kwa adabu. Wanunuzi wawe wengi. Na ufundi wako usife nawe, bali umfundishe mtoto, wa kiume au wa kike, angali mdogo.

Na ninyi wanafunzi, mnaofikiri labda ya kuwa masomo ni njia ya kuikimbia kazi ya mikono, tazameni tena. Hesabu mnayojifunza ndiyo itakayomwokoa mshonaji asidanganywe. Kifaransa na Kiswahili safi ndivyo vitakavyomwezesha mchoraji kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Ajuaye kusoma na ajuaye kazi ya mikono, hao wawili wakikutana katika mtu mmoja, ni vigumu kumtawala mtu huyo.

Basi jioni ya leo baba na mama na wakae pamoja baada ya chakula, wahesabu: ni milango mingapi inayoleta unga katika nyumba hii? Ikiwa ni mmoja tu, hata kama ni mpana na umepakwa rangi nzuri, waanze kutafuta wa pili. Na uwe mdogo, mradi ufunguo wake uwe mfukoni mwao wenyewe.